Siku ya familia: jinsi ya kukusanya mti wa ukoo na mabinamu na kila mtu aondoke na kopi yake

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo tunaenda hatua kwa hatua, na kama una babu, bibi, shangazi au mjomba ambae bado yuko hai naomba sana ukae mpaka mwisho. Tunaangalia jinsi ya kuitumia ile siku moja ambayo ukoo umekutana, mabinamu wapo, wazee wapo, watoto wanakimbia huku na huku, ili mpate nasaba yenu ikiwa imekaa vizuri na kila tawi liondoke nayo.

Sasa watu wengi wanafanya hivi: mtu mmoja anatafiti peke yake miaka mingi, anaprinti mti mzuri wa rangi, anaubandika ukutani, watu wanapiga nao picha, hongera hongera, imeisha hiyo. Mi nakwambia peleka mti ambao haujaisha. Peleka wenye mapengo na alama za kuuliza. Manake ukimfuata mtu ukamwambia nieleze historia ya familia atakujibu mimi sijui kitu, lakini akiona jina la mama yake limekosewa herufi moja anakuja mwenyewe kudai kalamu, na akishaishika ile kalamu haachi, atakuongezea na wengine watano. Siku ile ni ya kukusanya. Maonyesho yatakuja baadae.

Haya, hatua ya kwanza, chagua mnaanzia kwa nani. Usianzie kwako! Ukijiweka wewe katikati alafu ukapanda juu, una wazazi 2, babu na bibi 4, kizazi kinachofuata 8, kisha 16, kisha 32, na kati ya hao nusu yao binamu yako wa kwanza hawamhusu kabisa kwa sababu ni wa upande wako mwingine. Ataangalia hiyo karatasi hajioni. Kwa hiyo chukua wale ambao wote mtakaokutana mmetoka kwao. Kama ni mabinamu wa kwanza mzizi wenu ni babu na bibi, kama ni wa pili ni wazazi wa babu au bibi, andika hao juu kabisa alafu shuka chini kwa watoto, wajukuu, vitukuu, mpaka vilembwe kama wapo.

Hatua ya pili ni namba, na hapa nasogeza kamera muone vizuri. Babu wa juu kabisa nimempa 1. Watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa ni 1.1, 1.2, 1.3, 1.4. Watoto wa 1.2 wanakuwa 1.2.1, 1.2.2, 1.2.3, umeona, kila kizazi unaongeza nukta na namba moja. Uzuri wake ni huu: huyu hapa 1.2.3 na huyu 1.4.1, kinachofanana ni ile 1 ya mwanzo tu, na kila mmoja ameshuka hatua mbili kutoka pale, basi ni mabinamu wa kwanza. Watoto wao, 1.2.3.1 na 1.4.1.2, ni mabinamu wa pili. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukaa hapo mezani akawaambia watu wazima wanahusianaje, na wanapenda sana hiyo kazi, wape. Akijulikana mtoto ambae mlikuwa hamumjui mpe namba inayofuata mwishoni hata kama kazaliwa wa pili, msianze kubadilisha namba za watu wote. Na kama mtu kaoa au kaolewa zaidi ya mara moja, kwenye namba ya kila mtoto weka herufi ndogo ya kuonyesha mama ni yupi au baba ni yupi, usiwachanganye tu kwa kuona aibu.

Hatua ya tatu ndo naona ina uzito kuliko zote na ndo inayorukwa. Kila jina, kila tarehe, kila mahali, pembeni yake andika imetoka wapi. Kama ni cheti andika cheti, kama ni maandishi nyuma ya picha andika hivyo, kama ni mtu kasema andika namba ya huyo mtu na mwaka aliosema. Inachosha, najua, lakini miaka kumi baadae binamu atakuja na tarehe nyingine na hamtakuwa na njia yoyote ya kujua ipi ina nguvu. Wazee wawili wakitofautiana andika zote mbili, usiwe hakimu pale mezani, na tena mtu aliekuwepo kwenye tukio na mtu aliehadithiwa si sawa, kwa hiyo muulize taratibu, hilo uliliona au uliambiwa? Tarehe andika kwa jina la mwezi, 3 Aprili 1956, sio 03/04/1956, kwa sababu kuna nchi wanaisoma hiyo kuwa Machi na mabinamu siku hizi wametawanyika dunia nzima. Mwaka ukiwa wa kukadiria andika "kama 1930", usiunyooshe ukaonekana wa uhakika.

Hatua ya nne, siku yenyewe sasa. Chukua meza ndefu, weka karatasi kubwa, moja kwa kila tawi, yaani moja kwa kila mtoto wa yule babu wa juu, na penseli nyingi. Penseli, sio kalamu ya wino, kwa sababu watu watafuta na kuandika tena. Weka mahali watu wanapopita, sio chumba cha ndani huko, na kila karatasi iwe na binamu wake mmoja wa kuisimamia kwa zamu, kazi yake ni kuuliza tu "nani kasema?" na kuandika.

Wakati hiyo inaendelea we unafanya ya tano, kurekodi wazee. Usisubiri jioni wakiwa wamechoka. Tafuta chumba kimya mbali na spika, simu iweke modi ya ndege isije ikaita katikati, iweke karibu na mdomo wake, juu ya kitambaa ili isivume mezani, na hakikisha memori ina nafasi. Kwanza omba ruhusa na umwambie hiyo sauti wataisikia kina nani. Alafu useme kwa sauti tarehe, mahali, na jina lake kamili, hiyo inabaki ndani ya rekodi hata faili likibadilishwa jina.

Maswali usianze na mwaka. Ukimuuliza mzee ulizaliwa lini, baba yako alifariki mwaka gani, anaona yuko kwenye mtihani na anafunga mdomo. Muulize mlipokuwa wadogo mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja, nani alikuwa upande wa ukutani, nani alikuwa anawapeleka shule, nani hakuwepo tena mlipohama ile nyumba. Kutoka hapo majina yanakuja yenyewe na mpangilio wa kuzaliwa unaupata bila kuuliza, na miaka unaitafuta kwa kupima, hiyo ilikuwa kabla ya vita kuisha 1945 au baada, ulikuwa umeshaolewa au bado. Mpe picha ya zamani aishike mkononi, sio kwenye simu, aigeuze aisogeze karibu na macho. Akinyamaza na wewe nyamaza! Usimjazie maneno, mara nyingi linalokuja baada ya ule ukimya ndo hujawahi kulisikia.

Na kitu kingine, akisema "kaka yangu" muulize ni wa baba mmoja mama mmoja, au mtoto wa baba mdogo? Akisema "bibi" ni yule aliemzaa mama yake au dada wa bibi? Miti mingi inaharibika hapo, mtu anaandikwa mtoto wa asiyemzaa na kosa linakopiwa na tawi zima.

Picha sasa, haraka haraka. Picha za watu zisibebwe kwenda nazo nyumbani, ukaahidi utarudisha, zipige palepale. Kama una skana, picha ndogo iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Kama ni simu, sogea dirishani, zima flashi, simu iwe sambamba na picha isiinamie, na upige na nyuma yake pia, kuna mihuri ya studio na maandishi huko. Kuandika majina nyuma tumia penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelala mahali pagumu na pasafi. Kalamu ya wino inakandamiza mpaka mbele inatokea na wino unavuja kwa miaka. Zile picha zenye plastiki nyuma penseli haishiki, basi andika juu ya bahasha kwanza alafu ndo uiingize. Majina kutoka kushoto kwenda kulia, na asiejulikana mwandike hajulikani, usimruke.

Hatua inayofuata naomba tuwe waungwana. Utakutana na mambo: mtoto aliezaliwa nje, alielelewa na wengine, ndoa ambayo haikusemwa. Hayo hayatangazwi kwenye maikrofoni. Mwenye habari yake anaulizwa pembeni, akisema isiandikwe kwenye nakala ya wote haiandikwi. Na vipimo vya DNA hivyohivyo. Ni kweli vinasaidia, binamu wa kwanza kwa wastani wanachangia asilimia 12.5 ya DNA, wa pili kama asilimia 3, wa tatu chini ya 1 na wengine wa tatu kabisa hawaonyeshi kitu japo ni ndugu wa damu, kwa hiyo usimkatae mtu kwa kipimo. Lakini kipimo kinaweza kuonyesha baba ni mwingine, na ukipima wewe ni kama umewapima kwa kiasi na ndugu zako bila wao kuulizwa. Ongeeni kabla.

Mwisho kugawana. Ndani ya wiki moja, watu wakiwa bado na moto, ingizeni kwenye programu. Gramps ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yako. Alafu toa faili la GEDCOM, huo ni mfumo uliotengenezwa tangu 1984 ili programu za nasaba zisomane, kwa hiyo binamu anaetumia programu nyingine kabisa atalifungua. Angalizo, GEDCOM ya kawaida haibebi picha zenyewe. Toleo la 7 la 2021 limeleta njia ya kuzifungasha pamoja ila sio programu zote zinaisoma, basi picha weka kwenye folda yake, kila faili lianze na ile namba ya mtu, na ukituma WhatsApp itume kama dokumenti isipoteze ubora.

FamilySearch, tovuti ya nasaba, nayo ni bure na mti wake ni mmoja wa dunia nzima, maana yake mtu mwingine anaweza kumhariri babu yako usiku umelala. Itumieni kutafuta na kuonyesha, nakala yenu kuu ibaki kwenu. Walio hai msiwaweke wazi mtandaoni, na hasa tarehe za kuzaliwa na majina ya mama zao, matapeli wanayatafuta hayohayo.

Chagueni mtunzaji mmoja kwa kila tawi na mmoja tu wa kuunganisha masahihisho, la sivyo baada ya miezi sita mna miti minne tofauti. Nakala ziwe sehemu tatu, nyumba tofauti. Mzee ulierekodi mpelekee sauti yake aisikilize, ukiwa na karatasi mkononi, kwa sababu lazima atasema hapo nimesahau mtu.