Kutoka kwa Thabeet Hadi Jokić: Jinsi Timu za Kikapu Zinavyojengwa

Walimu wa michezo, wazazi na wachezaji wa Malindi, asalamu alaikum. Nimeombwa nieleze jinsi timu kubwa za mpira wa kikapu zinavyojengwa, nami nitaanzia mwaka 2009, kwa kuwa unamhusu kijana wa kwetu Afrika Mashariki. Katika drafti ya NBA, ambapo klabu za ligi hiyo ya Marekani huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, katika nafasi ya pili. Stephen Curry, ambaye hafiki mita 1.90, alisubiri hadi nafasi ya saba, akachukuliwa na Golden State.

Wapo wanaowacheka Memphis hadi leo kwa kumwacha Curry, aliyekuja kuwa nyota, na mimi naona hawawatendei haki. Tangu enzi za George Mikan, kisha Bill Russell aliyetwaa ubingwa mara 11 akiwa na Boston, hadi Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliyeipa Houston mataji ya 1994 na 1995, klabu nyingi zilitafuta kwanza mtu mrefu wa kutawala chini ya kikapu, ndipo zikawapanga wengine kumzunguka. Thabeet alichaguliwa kwa kanuni iliyokwisha kuleta makombe mengi, ila aliingia ligini wakati kanuni hiyo inapitwa.

Mstari wa pointi tatu, ambao mtupo wa kutoka nyuma yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, ulikuwapo NBA tangu msimu wa 1979–80, lakini kwa miaka mingi makocha waliutumia kwa nadra. Hebu tupige hesabu pamoja: anayefunga mitupo 50 kati ya 100 ya karibu anapata pointi 100, na anayefunga 35 tu kati ya 100 ya mbali anapata 105. Sheria nazo zilisaidia. Mwaka 2001 mlinzi alikatazwa kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, na mwaka 2004 marufuku ya kumzuia kwa mkono mchezaji mwenye mpira ikakazwa, basi wachezaji wafupi wenye kasi wakapata nafasi ya kupumua.

Fainali ya 2015 ndiyo iliyoonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Golden State walikuwa nyuma kwa michezo miwili kwa mmoja dhidi ya Cleveland, na kocha Steve Kerr akamweka benchi Andrew Bogut, senta wake, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, akamwanzisha Andre Iguodala, na kazi ya senta akamwachia Draymond Green, ambaye kwa urefu ni fowadi wa kawaida. Walishinda michezo mitatu mfululizo na kombe wakalichukua. Tusisahau upande wa fedha, maana NBA ina kikomo cha mishahara ya timu nzima, na nyota wa bei nafuu huacha nafasi ya kusajili wengine: Green alichaguliwa nafasi ya 35, na Curry, ambaye vifundo vyake vya miguu vilitiliwa shaka, mwaka 2012 alikubali dola milioni 44 kwa miaka minne. Mwaka 2016 fedha za televisheni zilipokipandisha kikomo kutoka dola milioni 70 hadi 94, Golden State wakapata nafasi ya kumsajili mfungaji mahiri Kevin Durant.

Kuiga mtindo huo hakukuwa rahisi. Mwaka 2018, katika mchezo wa saba dhidi ya Golden State haohao, Houston, waliotegemea sana mitupo ya mbali, walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakatolewa. Na watu warefu wakarudi kwa mlango mwingine: Nikola Jokić, mwenye mita 2.11, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, aliipa Denver ubingwa wa 2023 huku mashambulizi ya timu yakianzia kwenye pasi zake.

Sisi wa pwani tunacheza mara nyingi kwenye viwanja vya saruji visivyo na paa, na kusi inapovuma, mpira uliotupwa kutoka mita 6.75 husukumwa kando kabla haujafika kwenye ringi. Kocha na ahesabu mitupo inayoingia kwenye kiwanja chake mwenyewe, upande wa upepo na upande wa pili, ndipo aamue timu yake irushe mingapi kutoka mbali. Na kijana wake aliye mrefu kuliko wote, ningependa aanze kufundishwa pasi wiki hii hii, kabla hajapelekwa kusimama chini ya kikapu.