Bia Isiyo na Kilevi: Tunasoma Chupa

SOMOE: Karibuni wasikilizaji, tuko Mtwara mjini. Mimi Somoe, niko na kaka yangu Hamisi. Msimu wa korosho umeanza, hela imeonekana, na maswali ya bia isiyo na kilevi yamekuwa mengi.

HAMISI: Yamekuwa mengi kweli, dada. Na mimi jambo moja linaniudhi. Mtu anaomba dukani "isiyo na kilevi", anapewa chochote kilicho karibu kwenye friji: Grand Malt, Azam Malti, au Heineken 0.0. Kwa muuzaji zote sawa.

SOMOE: Wala si sawa! Malti ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, ikachemshwa. Haikuchachushwa mpaka iwe bia, na mara nyingi imeongezwa sukari, ndiyo maana ni tamu. Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017, inachachushwa kwa hamira kama bia nyingine, halafu kilevi kinatolewa. Uchungu wa bia unabaki.

HAMISI: Kinatolewaje? Kuna wanaodhani wanachuja kama tui.

SOMOE: Kuchuja kupo, ila ni kwa utando wenye vitundu vidogo mno, bia inasukumwa kwa nguvu ipite. Njia nyingine ni joto. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji. Lakini ukiichemsha bia kiasi hicho ladha yote inakufa. Basi wanaiweka kwenye tangi lililonyonywa hewa, na humo kilevi kinatoka kwa joto dogo tu.

HAMISI: Haya, tuje kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kuna chupa za 0.0 na kuna za 0.5. Kule Marekani kinywaji kikiwa chini ya asilimia 0.5 kinaruhusiwa kuitwa kisicho na kilevi. Mpaka huo ni wa zamani, tangu walipopiga marufuku pombe mwaka 1920.

SOMOE: Na 0.5 haimleweshi mtu mzima. Hata ndizi iliyoiva sana ina chembe ya kilevi.

HAMISI: Sawa, lakini mama mjamzito anataka sifuri, si chembe. Na sisi Waislamu, ambao huku pwani ndio wengi, tuna swali letu. Nimewasikia mashekhe wakitofautiana: yupo anayeona 0.0 haina neno, yupo anayekataza chochote kinachoigiza bia. Muulize shekhe wako kabla hujanunua, usimuulize muuza duka.

SOMOE: Na aliyeacha pombe awe mwangalifu. Ile harufu na ule uchungu vinaweza kumrudisha alikotoka, hata kama chupa imeandikwa 0.0. Huyo mimi ningemnunulia dafu.

HAMISI: Mgahawani je?

SOMOE: Chupa ifunguliwe mbele yako. Ikija tayari kwenye glasi, irudishe. Halafu wenye kisukari: geuzeni chupa msome sukari. Ikiandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 330 ina gramu 33, sawa na vijiko vinane vya chai. Hakuna kilevi, lakini sukari ipo tele.

HAMISI: Kuna kitu kinaniuma, da Somoe. Tunanunua shayiri ya watu, na mabibo yetu, yale matunda yanayobeba korosho, yanaozea chini ya mikorosho, kuanzia Newala mpaka Nachingwea.

SOMOE: Kinachokamuliwa ni cha uraka, ile pombe ya mabibo, na kinachobaki kinapikwa gongo.

HAMISI: Wakati juisi ya bibo haihitaji kulewesha! Shida yake inachacha upesi, kwa hiyo ukikamua leo chemsha leo. Ukakasi unapungua ukichanganya na uji mwepesi wa mchele, ukaacha utulie, kisha ukachuja. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, wameshafundisha watu kusindika mabibo.

SOMOE: Basi kikundi chochote kinachotengeneza juisi hiyo, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, popote mlipo, tutumieni ujumbe. Tunataka kuja kuionja ikiwa baridi.

HAMISI: Na mtuambie bei, tuiagize.