Utando wa Polima kwa Chupa ya Kupulizia

Karibuni tena mezani. Leo tunatengeneza utando wa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, ambao unywele wako ni mnene kuushinda zaidi ya mara mia, na unajijenga wenyewe.

Chupa hii ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba. Ina chaji chanya. Hii nyingine ni aljineti ya mwani, chaji hasi. Kila moja gramu 1 kwa lita. Kitosani haikubali maji matupu: changanya siki sehemu moja na maji sehemu nne, koroga, iache ilale usiku kucha, uichuje. Halafu tia magadi soda kidogo kidogo hadi pH (kipimo cha uchachu) ifike 5. Aljineti inyunyize taratibu huku unakoroga. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, utakula madonge.

Maji yawe yaliyokenekwa. Ya bomba yana chokaa, na chokaa inaigandisha aljineti. Ukinunua maji ya betri dukani, soma lebo, usije ukabeba tindikali.

Osha kioo kwa sabuni, suuza. Tazama: maji yametanda kama shuka. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia.

Simamisha kioo wima. Pulizia kitosani sekunde 5, ukiwa umbali wa shubiri moja. Subiri 15. Kioo kina chaji hasi, kwa hiyo kitosani inang'ang'ania. Uso ukishageuka chanya, inayofuata inasukumwa nje. Ndiyo maana tabaka halizidi kunenepa hata ukipulizia sana.

Sasa suuza sekunde 10. Hapa usifanye haraka! Mara ya kwanza niliruka hatua hii, nikapata michirizi myeupe kama maziwa yaliyokatika: polima mbili zilikutana majini badala ya kukutana kiooni.

Pulizia aljineti, subiri, suuza. Hiyo ni duru moja. Piga 20, umalizie na aljineti. Mwanakemia Gero Decher alipoanzisha njia hii miaka ya 1990 walikuwa wakichovya, na tabaka moja tu huweza kula dakika 20. Sisi duru nzima haifiki hata dakika moja na nusu.

Kikikauka huoni kitu, usikate tamaa. Kichovye kwenye rangi ya methilini bluu, yenye chaji chanya, pamoja na kioo kitupu, suuza vyote. Kile kitupu kimebaki karibu vilevile. Chetu, tazama, kimekuwa bluu hadi ukingoni, isipokuwa pale nilipokibana na kibanio.