Kilo au Miezi? Beseni Limekula Kipindi

ZABIBU: Haya wapenzi, leo ni dagaa wa Ziwa Tanganyika: wasiishe, tufunge ziwa miezi kadhaa au tuweke kiwango cha kilo za kuvua? Jumanne kaja kavimba, ngoja aanze yeye.

JUMANNE: We dada acha tu. Juzi asubuhi nimeshuka mwaloni Kibirizi, pale wanaposhusha samaki, vipe vinaingia, vile vyombo vya kuvua dagaa kwa taa usiku, nikachukua dagaa mbichi beseni moja, lina kilemba kabisa. Kufika nyumbani mama anamimina kwenye beseni lake, saizi ileile, halijai! Kumbe lile la mwaloni kitako kimebonyezwa kwa ndani.

ZABIBU: Umepigwa na kitako! Watu wa Ujiji mnamsikia mwenzenu?

JUMANNE: Cheka. Ila ndo mada yetu hiyo, kuweka kiwango cha kuvua. Peru wana anchoveta, dagaa wao wa baharini. Meli za utafiti zinatoka, wanakadiria samaki waliopo, serikali inatangaza tani za msimu, na tangu 2009 kila meli ina fungu lake, ikishusha mzigo unapimwa. 2023 wakakuta samaki wachanga wamezidi, msimu wa kwanza wakaufuta. Sisi tunasubiri nini?

ZABIBU: Tunasubiri mizani kaka! Beseni moja limekushinda, ziwa la nchi nne atapima nani?

JUMANNE: Mizani zinanunuliwa.

ZABIBU: Sawa, utapima mbichi na maji yake? Au mkavu? Maana kuna chombo kinashusha mwalo wa Katonga, kingine kinauza hukohuko ziwani gizani, na mwaloni bei yenyewe ni ya beseni, sasa beseni lipi, la kitako au la mama yako?

JUMANNE: Muache mama!

ZABIBU: Mimi nasimama na kufunga ziwa, kama 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15. Ukiona taa ziwani usiku, huyo anaiba, hata bibi yangu akiwa barazani anajua. Na dagaa maisha yake mafupi, mwaka hivi tu, ukimpumzisha anazaliana.

JUMANNE: Halafu likifunguliwa tajiri anaingiza vipe vyake vyote, taa za sola ziwa linakuwa kama mji, miezi mitatu yote anaifidia. Na yule kijana wa chombo asiye na shamba alikula nini muda wote huo? Halafu ziwa lenyewe linapata joto, maji ya chini yenye rutuba hayapandi kama zamani, kwa hiyo dagaa wanapungua hata kwa sababu hiyo, we unafunga tarehe zilezile kila mwaka bila kuhesabu kilichomo? Sikubali.

ZABIBU: Newfoundland, Kanada, kiwango walikuwa nacho, wataalamu wakakadiria samaki wengi kuliko waliokuwepo, 1992 wakafunga uvuvi, watu maelfu hawana kazi. Hesabu ikikosewa inaua pole pole huku kila mtu ana karatasi ya kiwango chake mkononi.

JUMANNE: Basi wahesabu vizuri!

ZABIBU: Na beseni la kitako?

JUMANNE: Dada, hilo beseni limekula kipindi kizima.

ZABIBU: Kweli, naonyeshwa saa hapa. Tulipanga BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, nyavu za makokoro, na kuanika kwenye vichanja, hatujagusa hata kimoja, basi. Wenye vyombo, na nyie akina mama waanikaji, tutumieni voisi: tufungiwe miezi au tuwekewe kilo?

JUMANNE: Kilo!

ZABIBU: Jumanne, waache waseme wenyewe.