Mnasihi Asiyetoa Nasaha

Asanteni, kaeni. Naona walimu wa malezi mmejaa mbele, masheikh na wachungaji mko nyuma karibu na mlango kwa sababu kuna msiba wa kuwahi. Haya. Sitaanza na maana ya afya ya akili, mmeshaisoma kwenye mabango ya zahanati. Nitaanza na neno lililotuharibia kazi hii ya unasihi, kazi ya kumsikiliza mtu mwenye shida: nasaha.

Nasaha ni mawaidha. Ndiyo anayopewa bibi harusi siku ya kuagwa, ndiyo yanayotoka kwenye mimbari. Mmoja anajua, mwingine anainamisha kichwa. Tukalichukua neno hilohilo tukalibandika kwenye kazi ambayo mwenye kuongea ni mteja. Unasihi, mnasihi, ushauri nasaha, shina ni moja. Halafu wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza miaka ya 2000 kwenye vituo vya kupima Virusi vya Ukimwi: unaelezwa ukikutwa navyo ufanye nini, usipokutwa navyo ufanye nini, unatobolewa kidole, unaondoka. Kazi ile ilikuwa muhimu, siidharau hata kidogo. Lakini picha iliyobaki vichwani ni ya mtu mwenye karatasi anayekuelekeza upesi upesi.

Ndiyo maana mtu akija kwako analia, mdomo wako unafunguka kabla ya masikio. "Usijali." "Mwachie Mungu." "Jikaze, wewe si mwanaume?" "Mbona jirani yako kaachwa na watoto sita na anaishi?" Mnacheka, lakini wiki iliyopita nani hajasema mojawapo? Anayeumwa anasikia neno moja tu hapo: nyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hata hujauliza wako upande gani.

Tuchukue mfano wa mama muuza vitumbua. Hajaja kwako kwa ajili ya akili. Amekwenda zahanati kwa kichwa kizito, moyo kwenda mbio, mwili kuchoma, usingizi hakuna. Malaria amepimwa mara tatu, hana. Ukimbana anasema, "Mawazo tu." Alichukua mkopo, huu wa kausha damu: shilingi 300,000, arudishe 390,000 kwa siku 30. Rejesho ni 13,000 kila siku, Jumapili imo. Faida yake siku nzuri ni 10,000. Pengo la 3,000 lipo kabla hajanunua hata dagaa. Wiki ya pili amechukua mkopo mwingine kulipia wa kwanza. Mume hajui. Friji imeandikwa dhamana.

Sasa yuko mbele yako. Unafanya nini?

Kwanza mahali. Si chini ya mwembe ambako kila anayepita anasalimia. Chumba chenye mlango, viti viwili vya urefu mmoja, meza isikae katikati yenu, simu imezimwa, si kulazwa kifudifudi huku inanguruma. Tenga dakika 45 hadi 60. Kama una 15 tu, mwambie ukweli umpangie siku nyingine, kuliko kumfungua jeraha ukaangalia saa.

Pili, siri, na mipaka yake, kabla hajafungua mdomo: "Utakayosema yanabaki hapa. Nikiona maisha yako au ya mtoto yako hatarini, nitamshirikisha mtu wa kusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Wengi mnairuka sehemu hii. Akishakwambia yote ndipo unaanza kueleza mipaka, anaona umemtega.

Tatu, nyamaza. Ukimya wa sekunde 10 unatuchoma sisi kuliko yeye. Yeye anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Akishasema, mrudishie kwa maneno yako: "Kama nimekuelewa, kinachokutisha zaidi si deni, ni wale vijana wa marejesho kufika nyumbani mume akiwepo." Ukikosea atakusahihisha, na hapo ndipo jambo lenyewe linapojitokeza.

Nne, karatasi. Andikeni matatizo yote, kwa maneno yake. Yanaweza kuwa saba. Halafu yeye achague la kuanzia. Yeye! Mwalimu, wewe ungeanza na mkopo kwa sababu una kichwa cha hesabu. Yeye amechagua mume ajue. Mwache. Tajeni njia zote, hata za kipuuzi: amwambie, asimwambie, amtume wifi, akimbilie kwao. Azipime mwenyewe. Na kabla ya hatua yoyote inayomhusu mume, uliza waziwazi: "Amewahi kukupiga?" Jibu likiwa ndiyo, mpango wote unabadilika, mnaanza na usalama wake.

Tano, hatua ya wiki hii. "Nitaongea na mume wangu" si hatua, ni dua. Hatua ni hii: "Jumamosi baada ya kula, watoto wakiwa kwa bibi yao, nitampa daftari la marejesho alisome mwenyewe." Nini kitazuia? "Akiwa amekunywa." Basi? "Nitangoja Jumapili asubuhi." Andika. Baada ya siku saba akirudi, swali la kwanza ni hilo daftari. Kama hakuweza, hatua ilikuwa kubwa, ikateni vipande. Usimgombeze. Mgombeze na hutamwona tena.

Makosa ninayoyaona yanajirudia ni matatu. Mnasihi anampigia mume simu yeye mwenyewe. Mnasihi anatoa 20,000 mfukoni, kwa huruma, na kikao kijacho mama analeta deni badala ya kujileta. Na mnasihi anasimulia mezani kwake usiku, "bila kutaja jina", katika mtaa wenye muuza vitumbua mmoja.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu. Nilijua. Mwaka 2006, Mbare, mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliowasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki. Tatizo walilolitibu walilitaja kwa Kishona: kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mama wa vitumbua angelielewa bila mkalimani. Bibi hawa hawakuwa na shahada, walifundishwa hatua kama hizi, vikao sita, na hatua ya kwanza waliiita kufungua fikra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na kungwi je? Chumba cha ndani, watu wachache, yanayosemwa humo hayatoki. Mpangilio wa faragha tunao. Tunachokosa ni kungwi anayeuliza kuliko anavyofundisha.

Kujiua. Hapa nawaomba mnisikilize. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo kichwani. Linakuwa limeshamo, au halimo. Uliza moja kwa moja: "Kuna wakati unaona heri kufa? Umefikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje? Umeandaa kitu? Lini?" Msimuulize, "Lakini huwazi mambo ya kijinga, eti?" Atajibu hapana, na wote wawili mtaridhika. Akisema ameandaa, haachwi peke yake hata kwenda chooni, dawa za shambani na vidonge vinaondoka nyumbani siku hiyohiyo vikatunzwe na ndugu kwa kufuli, na anapelekwa hospitali akiwa na mtu. Familia zinaficha, najua, na sababu moja ni sheria: Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi bado mtu anazinduka wodini akiwaza polisi.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka.

Dawa. Kuna wasioweza kutibiwa kwa kikao. Anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, mzazi aliyebadilika siku chache baada ya kujifungua, hao ni hospitali. Aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, pima malaria na sukari kwanza, majini tutayajadili baadaye. Vidonge vya sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kama fluoxetine huanza kuonekana kazi yake baada ya wiki 2 hadi 4. Watu wanaviacha siku ya 10 wakisema havifai, au wanaviacha mwezi wa pili wakisema wamepona. Anayechomwa sindano ya mwezi ya ugonjwa wa akili akikakamaa shingo au taya, arudi kituoni, ipo dawa ya kuondoa hali hiyo. Mchungaji, muombee, tena kwa sauti, ila usimwambie imani ni kuacha dawa.

Pombe. Mlevi wa kila siku usimwapishe Jumapili aache leoleo. Anaweza kutetemeka na kupata degedege ndani ya saa 48, na wengine hufa. Aanzie kituo cha afya.

Na hili neno "huyo wa Milembe". Jina lenyewe ni Mirembe, ni hospitali ya magonjwa ya akili, ipo Dodoma tangu 1927, watu wanaingia na wanatoka. Mwalimu akilitumia kama tusi darasani, mtoto mwenye shida hatamfuata huyo mwalimu. Basi.

Vijana na kubeti nilikuwa nimepanga, muda haupo tena.

Sasa kila mmoja amgeukie mwenzake wa kulia. Dakika tano. Mmoja anasimulia jambo dogo linalomsumbua, dogo kweli, si la kutoa machozi. Mwingine anasikiliza, na maneno "inabidi", "ungefanya" na "mimi ningekuwa wewe" yamepigwa marufuku. Sheikh, wewe ndiye msikilizaji. Anzeni.