Uncle Ike, mzee wa magogo aliyeingia Seneti

Asanteni kwa kuja na mvua hii ndugu zangu. Leo nawaongelea Isaac Stephenson, kule Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, walimzoea kama Uncle Ike, na naomba nianzie kwenye nyundo.

Ilikua nyundo ya chuma, upande wa kupigia umechongwa chapa ya kampuni, unaligonga gogo kwenye mkato wake chapa inazama ndani ya mti. Kazi yote ya kukata msonobari ilifanyika wakati wa baridi, maana barabara za porini zikimwagiwa maji zinaganda na farasi wanavuta mzigo mkubwa bila shida, alafu barafu ikiyeyuka magogo ya kila mtu yanasukumwa kwenye mto mmoja, Menominee, unaotenganisha Wisconsin na Michigan. Sasa huku chini nani ajue la nani? Chapa ndo inasema. Kampuni iliyokua inayakinga magogo mtoni na kuyachambua, Stephenson ndo aliiongoza miaka mingi, na mtu anayeshika sehemu ile ameshika roho ya biashara nzima.

Hakuzaliwa tajiri. Alizaliwa 1829 karibu na Fredericton, New Brunswick, Kanada ya leo, akiwa kijana wa miaka 16 tu akafika Wisconsin na bosi wake wa mbao, shule kidogo sana, msitu ndo ulimsomesha. 1858 akahamia Marinette, mji ulio kwenye mto huohuo wa Menominee, na hakuondoka tena. Na tusisahau msitu ule ulikua wa Wamenominee, wenyeji wa asili wa pale, mkataba wa 1836 ndo uliwatoa kwenye sehemu kubwa ya ardhi yao.

Alafu ikaja 8 Oktoba 1871. Ukame wa miezi, matawi na maganda ya miti yameachwa porini kila mahali, mioto midogo ya kusafisha mashamba na njia ya reli inafuka, usiku ule upepo ukaiunganisha yote ikaishukia Peshtigo, mji wa mbao jirani na Marinette, na Stephenson alikua mmoja wa wakubwa wa kampuni ya pale. Watu waliingia mtoni, wakawa wanazamisha vichwa kila dakika maana ukitoa tu nywele zinashika moto. Walikufa si chini ya 1,200. Chicago nayo iliwaka usiku uleule, waya wa telegrafu wa kaskazini umeungua, kwaiyo dunia ikaililia Chicago na Peshtigo ikasahaulika, mpaka leo inaniuma. Na yale mabaki porini yaliachwa na kampuni za mbao, za akina Stephenson pia, hapo simtetei hata kidogo.

Siasa sasa. Akakaa bunge la jimbo, kisha Congress, yaani bunge la taifa, kuanzia 1883 mpaka 1889. Kiti alichokitamani kweli ni cha Seneti, baraza la juu la bunge hilo, wakubwa wa chama wakamnyima, ndo akafungua pochi kumsaidia Robert La Follette, kijana aliyetaka wananchi wenyewe wachague wagombea kwa kura za maoni badala ya wakubwa kukaa chumbani. Uncle Ike akalipia kampeni, La Follette akawa gavana, 1901 mzee akaanzisha na gazeti Milwaukee, sheria ya kura za maoni ikapita. 1907 bunge la jimbo likampeleka mzee Seneti akiwa na miaka 77.

Mwaka uliofuata ikabidi yeye mwenyewe apite kwenye kura za maoni zilezile. Akatumia zaidi ya dola 107,000! Mshahara wa seneta ulikua dola 7,500 kwa mwaka, hebu pigeni hesabu, ni mishahara ya miaka 14 kugombea kiti cha miaka 6. Wakamchunguza, Seneti ikamwacha abaki, lakini urafiki na La Follette ukafa. Mimi naamini alifanya vile alivyozoea mtoni, gogo ukitaka liwe lako unaligonga chapa yako mapema kabla halijaingia majini, na kura akaziona vilevile.

Aliondoka Seneti 1915, akafia palepale Marinette 1918, misonobari ile mikubwa karibu yote imeshapita mtoni.