Kupima kimo cha mti kwa klinomita ya Abney

Ndugu wasikilizaji, chombo hiki cha shaba kilibuniwa miaka ya 1870 na William Abney, ofisa mhandisi wa jeshi la Uingereza, mtu anayefahamika zaidi kwa wapiga picha. Kinaingia mfukoni. Hakisomi kimo; kinasoma pembe tu, hesabu ni juu yenu.

Chungulieni ndani ya mrija. Nusu ya upana imezibwa na kioo kilicholazwa nyuzi 45, nusu iko wazi. Juu kuna pimamaji ndogo, na tundu chini yake hupitisha taswira ya kiputo hadi kiooni. Jicho huona kilele cha mti na kiputo vikiwa ubavu kwa ubavu, uzi mwembamba ukikatiza. Elekezeni uzi kileleni, kisha zungusheni gurudumu la pembeni hadi uzi ukikate kiputo katikati. Nyuzi kamili zasomwa kwenye tao, dakika (60 katika digrii moja) kwenye vernia, yaani kipimo kidogo kinachosogea kando ya tao, kumi kumi. Vernia ina pande mbili kuanzia sifuri: someni ule unaoelekea mkono wa chombo, ule unaozungushwa na gurudumu, ulikokwenda. Ukikosea upande, 12°20′ inakuwa 12°40′.

Sasa hesabu. Umesimama mita 30 kutoka shinani. Kilele 38°40′ juu, shina 3° chini ya usawa wa jicho. Tanjenti zake ni 0.800 na 0.052, zijumlishe, zidisha kwa 30: mita 25.6. Shina likiwa juu ya jicho, utatoa badala ya kujumlisha.

Wengi hulaumu chombo jibu likikataa. Angalieni: kosa la dakika 10 kileleni hapa ni sentimita 14 tu. Kosa la mita moja kwenye umbali ni sentimita 85! Na mita hiyo hupotea kirahisi mno: futi kamba ya mita 30 iliyolazwa kwenye mteremko wa nyuzi 15 inafunika mita 28.98 tu za usawa. Kuhesabu hatua ndiyo usiseme.

Mti ulioinama nao hudanganya. Kilele kikikujia mita 2, kimo chaongezeka zaidi ya mita moja na nusu. Simama ubavuni mwa mwinamo. Mti wenye kichwa kipana, kama mbuyu, rudi nyuma: ukiwa karibu unachokiona ni ukingo wa matawi, siyo kilele.

Chombo kikuukuu kikaguliwe kabla ya kazi. Chomekeni mambo mbili (vigingi) kwenye mteremko, alama zikiwa kwenye kimo cha jicho. Pima kutoka ya chini kwenda ya juu, kisha rudi. Ukipata 5°20′ kupanda na 5°00′ kushuka, pembe halisi ni 5°10′, na chombo kinazidisha dakika 10 katika kupanda. Weka mkono wa chombo kwenye 5°10′, lenga alama ya juu, geuza skrubu iliyo mwishoni mwa pimamaji hadi kiputo kirudi kwenye uzi. Fanyeni hivyo kivulini, maana jua hutanua kimiminika na kiputo kikafupika.